Mkono wa Mpimaji

Mtoto akipimwa homa zahanati, jina la Anders Celsius huwa limo chumbani, kwenye digrii za kipimajoto, ingawa ni wachache wanaojua kwamba mwenye jina hilo alikuwa mtazama nyota. Mwaka 1732 alikuwa tayari profesa wa falaki huko Uppsala, Uswidi, na babake na babu zake wawili walikuwa maprofesa kabla yake. Hata hivyo alifunga safari ya miaka kadhaa kupitia Ujerumani, Italia, Ufaransa na Uingereza. Vitabu alikuwa navyo. Alichokifuata ni ufundi, na ufundi haupatikani ila kwa kukaa karibu na fundi.

Berlin alifanya kazi na Christfried Kirch, ambaye dada zake walitazama nyota na kupiga hesabu pamoja naye. Alipofika Bologna kwa Eustachio Manfredi akakuta mambo yaleyale: dada zake Manfredi walikuwa mahodari wa hesabu za anga. Celsius alimwandikia Kirch kwamba yaelekea kila mwanafalaki anayekutana naye ana dada msomi, kwa hiyo na dada yake mwenyewe itabidi afundishwe. Napenda barua hiyo kwa sababu inatuonyesha wale ambao orodha za maprofesa haziwataji.

Ufundi wenyewe wa kupima unaonekana hapohapo Bologna, katika kanisa la San Petronio. Mwaka 1655 mwanafalaki Cassini alitoboa tundu kwenye paa lake, mita 27 juu ya sakafu, kisha akalaza mstari wa kaskazini na kusini wenye urefu wa mita zaidi ya 66. Mwanga wa jua hupenya tunduni, ukachora duara sakafuni, na duara hilo husogea taratibu hadi likavuka mstari saa sita mchana. Kulitazama ni rahisi. Kulipima ndiko kwenye kazi. Ukingo wake una ukungu, hauna mwisho ulio wazi. Mpimaji lazima aamue ni wapi mwanga umeishia, na kesho aamue vilevile, bila kuvutwa na jibu analolitamani.

Paris, wasomi walikuwa wakibishana kuhusu umbo la dunia. Wafuasi wa Newton walisema imebonyea kwenye ncha zake; wengine walishikilia kwamba imerefuka kuelekea huko. Celsius aliunga mkono wazo la kwenda kupima kaskazini ya mbali, kisha akavuka hadi London kutafuta vyombo. Huko alikuwepo George Graham, fundi wa saa, ambaye chombo chake kilikuwa kimemwezesha James Bradley kugundua kwamba nyota huonekana kuyumba kidogo kadiri dunia inavyosafiri. Kwa ajili ya msafara Graham alitengeneza darubini ya futi 9 hivi, yenye timazi na tao la kusomea pembe. Wasomi hugombania nadharia, lakini pembe ndogo kiasi hicho haisomeki mpaka fundi awe ameketi na tupa yake, akakwangua na kupima tena.

Mwaka 1736 msafara huo, ukiongozwa na msomi wa Ufaransa Maupertuis, Celsius akiwemo, ulifika bonde la mto Torne, huko kaskazini ya mbali. Desemba, mto ukiwa barafu tupu, walipima mstari wa msingi wa kilomita 14 hivi juu yake kwa fito za msonobari. Walijigawa makundi mawili, kila kundi likapima lote peke yake katika baridi kali. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa inchi 4. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba urefu wa digrii moja ya latitudo walioutangaza ulizidi kidogo. Hata hivyo jibu lao kuu lilikuwa sahihi. Dunia imebonyea kwenye ncha na kutuna katikati, na sisi wa ikweta tunaishi juu ya mtuno huo.

Celsius alirudi Uppsala, na kufikia 1741 alikuwa na kituo chake cha kutazamia nyota. Yeye na shemeji yake Olof Hiorter walikuwa wakifuatilia sindano ya dira saa baada ya saa, wakaona kwamba hutikisika mianga ya kaskazini inapotanda angani. Graham naye alikuwa akiitazama sindano yake London. Tarehe 5 Aprili 1741 sindano hizo mbili, bahari ikiwa katikati yake, zilitikisika siku moja.