Sekunde Nne za Kedong

Baba yangu alikuwa na hadithi moja ya Safari Rally, na kuisimulia kulimchukua nusu saa. Mvua ya Pasaka, usiku, barabara ya udongo karibu na kwao, gari limezama hadi mlangoni. Wavulana wa kijiji wanatoka na kulisukuma. Dereva anashusha kioo, anasema asante, anaondoka na kuwaachia matope usoni. Kasoro ya hadithi ilikuwa huyo dereva. Mwaka mmoja alikuwa Joginder Singh, mwaka mwingine Shekhar Mehta, na Krismasi moja, baada ya bia mbili, akawa Mzungu asiye na jina. Nilipofika kidato cha pili nilikuwa nishaamua kwamba mzee ananiuzia uongo.

Juni 2023 nilienda kujionea mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Ijumaa alfajiri boda boda ilinishusha Kedong, Mlima Longonot ukiwa bado umejifunika ukungu. Watu walikuwa wamefika kabla yangu, wengine wamelala hapo hapo. Mama mmoja aliuza chai ya rangi na mayai ya kuchemsha. Tulingoja saa mbili na zaidi. Kisha helikopta, kisha mtu akapiga mluzi, kisha ng'ambo ya vichaka likainuka wingu la vumbi lililokuwa likitujia kwa kasi isiyo ya kawaida kwa wingu. Gari likatokea, likakata kona, likapotea. Nilihesabu baadaye kwenye video ya simu: sekunde nne. Zilizobaki ni vumbi.

Hapa kwenye blogu tumezoea kuuliza kazi ya sanaa inamfanyia nini msomaji wake. Basi niulize vivyo hivyo: Safari Rally inamfanyia nini mtu aliyesimama kando ya barabara? Ukiisoma kama hadithi, ni kazi iliyovunjika vibaya. Huoni mwanzo wala mwisho. Wahusika wamefichwa ndani ya kofia ngumu. Mwaka ule Sébastien Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7 baada ya siku nne na zaidi ya kilomita 350 za mashindano. Tofauti ndogo kiasi hicho haionekani kwa macho ya binadamu aliyeketi Kedong. Aliyebaki nyumbani na televisheni alijua mengi kuliko sisi tuliomeza vumbi.

Halafu kuna jambo ambalo mpenzi yeyote wa vitabu lingemkera kama lilivyonikera mimi. Ndani ya kila gari kuna andiko linalosomwa. Kabla ya mashindano dereva na mwelekezi wake hupita kwenye kila mkondo kwa mwendo mdogo wakiandika daftari: kona hii kali kiasi gani, mbele kuna jiwe, hapa usikate ndani. Siku ya mbio mwelekezi husoma daftari hilo kwa sauti, akiwa hatua moja mbele ya barabara, na dereva huendesha anachosikia zaidi ya anachoona. Sijui usomaji mwingine wa namna hii. Sisi wahakiki tukisoma vibaya, tunajibiwa kwa maoni makali chini ya makala. Mwelekezi akiruka mstari, gari linabiringika. Na andiko hilo, ambalo kwangu ndilo moyo wa mchezo wote, mtazamaji wa kando ya barabara hasikii hata neno lake moja.

Baada ya gari la tatu nilichoka kudanganywa na vumbi. Nilivuka utepe na simu mkononi, hatua tano hivi, nipate picha ya kona kutoka ndani. Nilishikwa koti kwa nyuma. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi na redio ndogo mfukoni.

"Mama, wewe unataka kuona gari, ama unataka gari likuone?"

Nilirudi nikiwa na aibu. Sitaki kuongeza chumvi: gari lililofuata halikupita pale nilipokuwa nimesimama. Lakini kokoto zake zilifika pale, na zilifika zikiwa na nguvu. Mzee hakunigombeza tena. Alinisogezea nafasi kando yake, na tangu hapo nikaanza kuona.

Maana mzee alikuwa anasimulia. Huyu amefunga breki mapema, anaogopa lile shimo. Yule amekata kona ndani, ataacha tairi huko mbele. Unaona hiyo bomba iliyopanda kando ya kioo? Ndiyo pua ya gari, bila hiyo injini ingekufa kwa vumbi na maji. Kati ya gari na gari alirudi nyuma: 1968, magari zaidi ya tisini yalianza na saba tu yakamaliza, kama ilivyokuwa 1963. Joginder na nduguye Jaswant wakishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mehta na ushindi wake mara tano. Vijana waliotuzunguka walimkatiza, "Zii, guka, hiyo ni story ya jaba," naye akawajibu kwa tarehe. Sekunde nne zikawa robo saa. Kilichokosekana barabarani kilikuwa kinatengenezwa pale kwenye nyasi, na wengi wetu.

Ndiyo maana nina malalamiko, na si dhidi ya vumbi. Mashindano haya yalizaliwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakachukua neno letu, safari, na sasa neno hilo limebandikwa kwenye fulana na kofia duniani kote. Lakini jioni, kwenye eneo la matengenezo ya magari pale Naivasha, muda wote nilioshinda pale sikusikia tangazo hata moja kwa Kiswahili. Kiswahili nilikisikia kwa waliokuwa wakifukuza watu: rudi nyuma, toka hapo, usivuke. Lugha iliyoipa kazi jina lake imebaki na kazi ya askari wa lango. Na picha zilizokwenda nje zilikuwa zile zile: pundamilia, mlima, Mmaasai akipunga mkono. Sisi kwenye picha hizo ni mandhari.

Wapo pia waliokuja "Vasha" bila nia ya kuona gari. Nyama choma, muziki wa kupasua masikio, magari yao wenyewe yakinguruma hotelini hadi asubuhi. Wenye heshima zao huwasema sana. Mimi siwezi kuwalaumu kabisa. Kama hadithi rasmi haikupi nafasi, utajitungia yako, hata kama ni mbaya.

Je, nakushauri uende? Nenda, lakini usiende peke yako na simu. Tafuta mzee mwenye redio, ukae nyuma ya utepe, na umwache aseme. Kama mchezo wa kutazama, Safari Rally haitoshi. Kama kisa cha kusimuliwa, ni mojawapo ya visa bora tulivyo navyo, na cha ajabu ni kwamba wenye kukisimulia vizuri zaidi hawajawahi kupewa kipaza sauti.

Baba amefariki miaka sita sasa. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mwanangu kuhusu Kedong, na nikajisikia nikisema kwamba dereva wa gari lililorusha zile kokoto alikuwa Ogier. Sina hakika. Vumbi lilikuwa jingi, huenda alikuwa mwingine kabisa. Mwanangu aliniangalia kwa jicho ninalolijua, lile la kidato cha pili.

Sikujisahihisha.