Ng'ombe wa Samawati

Msomaji, nilipokuwa mtoto huko Longisa, kando ya barabara itokayo Bomet kwenda Mulot, nilimchora ng'ombe wetu nikampaka rangi ya samawati. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umemfunika hata mgongoni, na machoni pangu alikuwa samawati kweli. Mwalimu aliitia picha msalaba mwekundu, akaniuliza ni wapi duniani aonekanapo mnyama wa namna hiyo. Sikuwa na jawabu. Miaka mingi ilipita kabla sijalipata, nalo nililipata katika picha za Jak Katarikawe.

Mtu huyu alikuwa mzaliwa wa Kigezi, Uganda, naye alikuwa dereva kabla ya kujulikana kwa uchoraji. David Cook, aliyefundisha fasihi huko Makerere, aliona kazi yake akamtia moyo. Baadaye alihamia Nairobi, na huko ndiko alikofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake ni wa zambarau, wa waridi, wa kijani, na wa samawati pia. Shingo zao huegemeana kama za wapendanao, na macho yao ni makubwa, yenye haya. Wanaota ndoto; wanachumbiana; wanaoneana wivu. Ukiwatazama kwa haraka utacheka. Ukirudia kuwatazama utamwona jirani yako, na yamkini nafsi yako. Mzaha huo haumdhihaki mnyama hata kidogo. Unamkaribisha mnyama barazani, akae nasi, asikilize habari zetu.

Mtu wa kwetu hana haja ya kufundishwa hayo. Mkipsigis humtaja ng'ombe kwa rangi ya ngozi yake na kwa namna pembe zake zilivyopinda, na koo zetu zina wanyama wao: tembo, simba, nyani. Ajabu ni kwamba mtoto aliyelelewa hivyo huwekewa mbele yake ng'ombe wa kitabuni, mnene, asiye na jina, akaambiwa anakili.

Linganisha sasa na Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini ya Tanzania. Alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao mwembamba wa kujengea na rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli. Alikuwa na miaka minne tu ya kazi, maana mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Chui wake huujaza ubao mzima. Mwili umekaa ubavu, lakini uso umetugeukia, kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Madoa yake si ya chui wa mwituni. Yamepangwa kwa furaha ya mkono uliokuwa ukicheza. Rangi ile hung'aa na kukataa kuchanganyika, basi mchoraji akaugeuza ukaidi wake kuwa uzuri.

Wanafunzi wake na jamaa zake waliendeleza kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Hapa sina budi kusema neno ambalo huenda likawachukiza wengine. Picha nyingi ziuzwazo kwa watalii leo zina wanyama kumi mahali ambapo yeye aliweka mmoja, na wote kumi hawana hata mmoja anayekutazama. Mkono umejua njia, nao umeacha kucheza. Siwalaumu wachoraji, karo na unga havingoji msukumo wa moyo, na mnunuzi huagiza twiga yule yule. Lakini jicho lako lisidanganywe na wingi.

Katarikawe naye hakosi kasoro. Zipo picha zake ambazo utamu wa rangi umezidi, hata ng'ombe wakawa kama ndoto isiyo na mifupa. Hata hivyo nitamchagua yeye, kwa sababu ng'ombe wake mnyonge kabisa bado ana siri ambayo hajaitoa.

Picha yangu ya utotoni sijui iliishia wapi. Nadhani iliwasha moto jikoni. Nikipita Longisa alfajiri, kabla jua halijautawanya ukungu, husimama penye ua wetu nikawatazama ng'ombe wakitoka. Wa kwanza aghalabu ni samawati.