Kihamba cha Rehani: Riba Isiyotajwa

Wapo ndugu zetu wa Moshi wanaowashauri wenye mitaji hivi: mkopeshe mwenye shida, shika kihamba chake rehani, vuna kahawa na ndizi, kisha fedha yako irudi kamili. Wanadai hapana riba, kwa kuwa nyongeza haikuandikwa.

Hoja hii ni dhaifu. Rehani ni dhamana ya deni, si chumo. Kwa Imam Shafi'i, manufaa ya kilichowekwa rehani ni ya mwenyewe. Kushurutisha mavuno juu ya mkopo ni nyongeza, hata ikilipwa kwa mikungu badala ya shilingi.

Wanataja hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba mnyama wa rehani hupandwa na kukamuliwa na anayemgharimia. Lakini Mahanbali walioishika wamesema ni kwa kadiri ya gharama. Basi aliyepalilia ahesabiwe gharama yake, na mavuno yaliyobaki yapunguze deni.

Mwenye kutaka faida na aingie mkataba wa musaqaa, usiofungamana na mkopo: agharimie kazi, mavuno yagawanywe kwa fungu lililotajwa. Vinginevyo watoto watanunua ndizi sokoni, ilhali migomba ya baba yao inazaa.

Wallahu a'lam.