Mafuta ya Nyuzi 254 Yanayotoka Chini ya 100

Yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu na ukali wake, huchemka kwenye nyuzi 254 za sentigredi. Lakini katika kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, Pemba, mafuta ya karafuu hukenekwa kwa mvuke wa maji. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, mchanganyiko huo wa mvuke haufiki hata nyuzi 100. Inakuwaje?

Tuanze na maji. Molekuli yake ina uzito wa 18 tu. Haidrojeni salfaidi, yenye umbo linalofanana nayo na uzito wa 34, huchemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa uzito peke yake, basi, maji yangekuwa gesi. Yanashikwa na bondi za haidrojeni: haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani, na anayetaka kuwa mvuke lazima ajichomoe kwanza.

Yujenoli nayo ina kikundi cha OH, ila kimekaa ubavuni mwa oksijeni nyingine, hivyo sehemu ya mvuto huo huishia ndani ya molekuli yenyewe. Kinachopandisha zaidi nyuzi zake za kuchemka ni ukubwa: uzito wa 164, na elektroni nyingi zinazoyumba na kuzua mvutano mdogomdogo kila molekuli zinapokaribiana. Ushahidi umo katika mafuta hayohayo. Kariofilini, kemikali nyingine iliyomo humo, haina oksijeni hata chembe, na bado huchemka juu ya nyuzi 250.

Husemwa kwamba mvuke hulegeza mvutano huo. Sikubali. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke kana kwamba mwenzake hayupo, na kanieneo zao hujumlishwa. Jumla ikilingana na kanieneo ya hewa, mchemko huanza. Mchango wa yujenoli ni mdogo sana, lakini kila molekuli yake inayopanda ina uzito wa mara tisa wa ile ya maji. Inaondoka kidogokidogo, tena bila kuungua. Gharama ni muda na moto.

Baada ya kupoozwa, mafuta ya karafuu huzama chini ya maji, tofauti na mafuta mengi ya kunukia yanayoelea. Kiasi fulani hubaki kwenye maji kwa sababu ya ile OH, ndiyo maana wakenekaji wengi huyarudisha maji hayo kwenye tangi.