Mzuka na Daftari la Hesabu: Kudumu kwa The Phantom of the Opera Jukwaani Broadway

Aghalabu wahakiki wa drama huuchukulia urefu wa maisha ya tamthilia jukwaani kuwa ithibati ya ubora wake. Kazi iliyodumu, husemwa, imedumu kwa kuwa ni nzuri. Iliyokufa mapema ilikuwa na kasoro za fani au za maudhui. Makala hii inanuia kuipinga kauli hiyo kwa kurejelea tamthilia moja ya muziki, The Phantom of the Opera, ya Andrew Lloyd Webber, iliyofunguliwa katika ukumbi wa Majestic, Broadway, Januari 26, 1988, na kufungwa Aprili 16, 2023, baada ya maonyesho 13,981.

Tuanze na hesabu, ingawa si desturi ya mhakiki wa fasihi kushika daftari la mapato. Kuiandaa tamthilia hii mwaka 1988 kuligharimu dola milioni 8. Kufikia mwaka 2022, kuiendesha tu kulihitaji karibu dola 950,000 kila wiki: mishahara ya waigizaji, wanamuziki na mafundi wapatao 125, maleba, kodi ya ukumbi, na ile taa ya vioo yenye uzito wa karibu tani moja ambayo sharti ianguke katika kila onyesho. Majestic ina viti takriban 1,600, na maonyesho ni manane kwa wiki. Hivyo hata ukumbi ukijaa pomoni kila mara, kila kiti kililazimika kuleta dola 74 kabla ya kupatikana senti moja ya faida. Tena kiti kilichokosa mtu leo hakiwezi kuuzwa kesho. Machi 12, 2020, kumbi zote za Broadway zilifungwa kwa sababu ya Korona. Phantom ilirejea Oktoba 22, 2021, ikakuta gharama zimepanda na watalii wa kigeni, ambao ndio waliokuwa nguzo yake, hawajarudi kwa idadi ya awali.

Ni hapa ambapo suala la fedha linageuka kuwa suala la fani. Tamthilia hiyo hiyo ilikuwa pia London, ikiwa na wanamuziki 27 kama ile ya New York. Ilipofunguliwa tena London mwaka 2021, wanamuziki walipunguzwa hadi 14, na baadhi ya mandhari ya jukwaani yakabadilishwa. New York ilibaki na wanamuziki wake 27 na uelekezi wa Harold Prince, aliyefariki mwaka 2019. Ile iliyokatwa iliendelea kuishi. Iliyobaki nzima ilifungwa.

Yamkini msomaji aliyelelewa katika fasihi simulizi atauliza: kuna ubaya gani? Je, si kweli kwamba ngano huishi kwa kubadilika, na kwamba kila fanani hupunguza na kuongeza? Ni kweli. Lakini fanani hupunguza akiwa ameikabili hadhira yake, akiona nani anasinzia na nani anasubiri kiitikio. Mabadiliko ya London hayakuzaliwa hivyo. Yalitoka kwa mtayarishaji aliyekuwa akipiga hesabu za gharama. Isitoshe, Broadway haijui uhuru wa fanani hata kidogo. Meneja wa jukwaa huandika kila hatua na kila badiliko la taa, na mwigizaji mpya hufunzwa kusimama pale pale aliposimama mwenzake wa mwaka 1988. Sisi tunaona kwamba huko ni kuhifadhi zaidi kuliko kutenda.

La ajabu ni kwamba matini yenyewe inayajua haya. Katika hadithi hii, iliyotokana na riwaya ya Gaston Leroux, wakurugenzi wawili wanainunua opera ya Paris wakiwa hawajui lolote kuhusu sanaa. Mzuka anawadai mshahara wa faranga 20,000 kila mwezi na kiti maalumu kisichouzwa. Wao wananung'unikia gharama, kisha wanafurahi wanapogundua kuwa kashfa inauza tiketi. Wahakiki wengi wameyasoma mandhari hayo kama vichekesho vya kupumzisha hadhira kati ya nyimbo za mapenzi. Kwetu sisi ndiyo sehemu yenye ukweli mkali zaidi katika tamthilia nzima, na yaliyotokea nje ya jukwaa yanatuunga mkono. Septemba 2022 ilitangazwa kwamba Phantom ingefungwa Februari 18, 2023. Watu walizikimbilia tiketi kiasi kwamba siku ya kufunga ilisogezwa hadi Aprili, na mapato yakapita dola milioni 3 kwa wiki. Tangazo la kifo lilifanya kazi ambayo muziki wenyewe ulikuwa umeshindwa kuifanya.

Mwanafunzi atakayeiandikia tamthilia hii tasnifu atalazimika basi kueleza mapema anaihakiki Phantom ipi, ya wanamuziki 27 au ya 14, kwa kuwa maneno katika kitabu chake ni yale yale.