Maziwa ya mama, mikono ya nani? Kusoma sanamu zetu mbele ya kisu cha urembo

Katika mji wetu wa Lubumbashi, mama akiisha kuzaa watoto wawili watatu, kuna neno moja ambalo watu hawaoni haya kulisema: «Maziwa imeanguka.» Dada zake wanalisema wakicheka. Bwana yake analisema akitazama pembeni. Na mara nyingi mama mwenyewe njo analisema wa kwanza, ili wengine wasimtangulie.

Ndugu yangu mdogo alilisema jikoni kwangu. Yeye ni mama wa watoto wanne, wote aliwanyonyesha. «Yaya, maziwa yangu imeanguka. Nimeweka makuta kidogo kidogo. Nataka kwenda Afrika Kusini, bayatengeneze.» Makuta hayo ni ya biashara yake ya vitenge, kazi ya miaka mitano, na yangetosha kununua parseli.

Siri ya namna hiyo haikai. Habari ikatoka, jamaa wakaketi kikao. Mjomba wetu, mtu wa heshima, akakata shauri bila kumwuliza mwenye mwili: «Mila yetu sisi Baluba haikubali kisu cha urembo juu ya mama wa watoto.» Wote wakaitika. Nami niliitika. Na kwa kuwa nimefundisha historia na sanaa shuleni kwa miaka mingi, nilipewa kazi ya kuleta ushahidi wa mila ili dada atulie.

Nikaenda kutafuta. Lakini ushahidi niliokuta haukusema kile tulichotaka useme. Wasomaji wapenzi wa kijitabu chetu, maandishi haya yanaeleza nilichokuta, na kwa nini sasa nasema kwamba sisi wazee (nami nimo) tunatumia jina la mila ovyo.

1. Mikono juu ya kifua

Tuanze na sanamu, kwa sababu mababu zetu hawakuacha vitabu, waliacha miti iliyochongwa. Mtu akifungua kitabu cho chote cha sanaa ya Baluba ataona mwanamke. Yuko juu ya fimbo za watawala, juu ya vishikio vya pinde, chini ya viti vya wafalme akivibeba kwa kichwa na mikono. Na mara na mara anasimama wima, macho yamefumbwa nusu, mikono miwili juu ya maziwa yake.

Mgeni anaweza kuwaza kwamba ni sanamu ya tamaa, ao ya uzazi tu. Watafiti waliokaa na wazee wa Katanga, kama Mary Nooter Roberts, walieleza neno lingine: mikono ile inalinda. Ndani ya kifua cha mwanamke mnakaa siri na miiko ya ufalme, ile inayoitwa bizila. Mfalme anatawala, lakini kile kinachomfanya mfalme kinatunzwa katika mwili wa mwanamke.

Kuna sanamu nyingine, ya mwanamke aliyeketi akishika kibakuli, mboko, ambamo mliwekwa pemba nyeupe ya waganga wa kutazamia. Moja yao, iliyo maarufu sana, ni ya yule fundi anayeitwa fundi wa Buli, kwa jina la kijiji kimoja. Ilihamia Ubelgiji, na leo iko Tervuren. Uso wake ni mrefu, mashavu yamebonyea, ni uso wa mtu aliyeona mengi. Wazungu walipoiona waliiita «La mendiante», yaani mwombaji. Kwao, mwanamke mwenye uso uliochoka na chombo mkononi alikuwa anaomba. Kumbe alikuwa anatunza.

Kosa lile linatuhusu. Wao walimwona mtunzaji wakasema ni maskini. Sisi tunaona kifua cha mama aliyelea watoto wanne tunasema «imeanguka». Katika Kiswahili chetu cha huku, neno moja, maziwa, linataja kiungo na chakula chenyewe. Lugha yetu haikutenga chombo na kile kilichotoka ndani yake. Ni macho yetu yaliyotenga.

Hapa nilidhani nimepata ushahidi wa mjomba: mila inaheshimu kifua cha mama kama kilivyo, basi kisu kikae mbali. Nilikuwa karibu kufunga vitabu.

2. Ushahidi wa upande wa pili

Lakini mtu mwaminifu hasomi ukurasa mmoja akaacha mwingine.

Twende Mayombe, kule Kongo ya Chini. Wachongaji wa huko walitengeneza sanamu za mama na mtoto zinazoitwa phemba. Mama ameketi, meno yamechongwa, mgongo na mabega vimejaa chale, mtoto yuko mapajani. Tutazame kifua chake sasa. Ni mama, mtoto yupo, hata pengine ananyonya. Lakini maziwa yamesimama kama ya binti ambaye hajaolewa, na katika sanamu nyingi kuna kamba iliyofungwa juu yake. Basi hata fundi wa zamani, alipotaka kuonyesha mama aliye kamili, hakumpa kifua cha mama wa kweli. Alimpa kifua anachokitamani ndugu yangu. Tusiseme basi kwamba tamaa hiyo ililetwa na televisheni.

Na kisu? Baluba wenyewe walichanja mwili wa mwanamke: tumbo, kiuno, mgongo. Chale hizo, ntapo, tunazikuta zimechongwa juu ya sanamu zile zile tunazojivunia. Jirani zetu Batabwa walikuwa na kazi hiyo nao, wakaiita kulemba. Mwili usio na alama haukuhesabiwa mzuri. Ngozi laini tupu ilikuwa kama ukurasa usioandikwa. Kule kaskazini Bamangbetu walifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke, na desturi hiyo ilidumu hata katikati ya karne ya 20.

Basi mjomba anaposema mila haikujua kisu cha urembo, anakosea. Mila ilikijua sana. Dada yangu angeweza kujibu kwamba yeye njo anafuata mababu, na ni sisi wenye kanzu na suti tuliowasahau.

Hata hivyo nisimpe ushindi wa haraka. Chale za zamani hazikuwa neno la mtu mmoja na feza yake. Msichana alichanjwa na fundi anayejulikana, mbele ya wanawake wenzake, na alama ile ilisomwa na kijiji chote. Tena mara nyingi hakuulizwa kama anataka. Na mchongaji wa phemba alikuwa mwanaume. Alichonga mama kama macho ya wanaume yalivyopenda kumwona.

Kwa hiyo mila, ukiisoma yote, haitoi amri. Haisemi «nenda», haisemi «kaa». Yeye anayeitumia kama rungu ameokota kipande kimoja tu.

3. Mti haunyonyeshi

Kuna jambo ambalo sanamu haiwezi kutufundisha: yenyewe ni mti. Kifua cha phemba kimesimama tangu kilipochongwa kwa sababu hakikunyonyesha mtu. Mwili ni habari nyingine, na katika kikao chetu hakuna aliyezungumza juu ya mwili. Ilinibidi kuuliza waganga wa hospitali na kusoma.

Neno la kwanza ni faraja kwa mama wote. Wengi huku wanasema mtoto anayenyonya njo anaangusha maziwa, hata mabinti wengine wanakimbilia chupa ili kulinda kifua. Si kweli. Mwaka 2008 Brian Rinker na wenzake, huko Marekani, walichapa uchunguzi juu ya wanawake 132. Waliona kwamba kilichohesabika ni umri, uzito wa mwili, ukubwa wa maziwa kabla ya mimba, hesabu ya mimba, na kuvuta sigara. Kunyonyesha hakukuongeza kitu. Ni mimba yenyewe inayovimbisha kifua na kuvuta ngozi pamoja na nyuzi za ndani. Baadaye nyama inapungua, ngozi inabaki. Basi mama asimhesabie mtoto deni. Na zile pomada za sokoni zinazoahidi kuyasimamisha tena, ni feza iliyotupwa.

Neno la pili ni juu ya kisu. Munganga anaondoa ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu. Makovu yanabaki, kuizunguka chuchu na mara nyingi kushuka chini yake. Sisi watu weusi ngozi yetu ni rahisi kufanya makovu yanayovimba na kukua, na tena yanawasha. Chuchu inaweza kupoteza hisia. Kunyonyesha baadaye kunaweza kuwa shida. Mimba nyingine inaweza kuharibu kazi yote, kwa hiyo waganga wanashauri mama amalize kuzaa kwanza, tena angoje miezi kadhaa nyuma ya kuachisha mtoto. Na hata bila mimba, miaka inaendelea kuvuta. Kisu hakigeuzi mwili kuwa mti.

Kwa yule anayetaka kuingiza mifuko ya silikoni, kuna zaidi. Mifuko hiyo haikuwekwa kwa maisha yote. Wakubwa wa dawa wa Marekani wanashauri ipimwe kwa mashini mwaka wa 5 ao wa 6, kiisha kila miaka 2 ao 3. Mtu anayerudi huku baada ya wiki mbili ajiulize nani atamfuata miaka hiyo yote, wapi na kwa feza gani. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2010 Ufaransa ilisimamisha mifuko ya kampuni ya Poly Implant Prothèse, iliyojazwa silikoni isiyoruhusiwa kwa mwili wa mtu. Mwanzilishi wake alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 4.

Sisemi haya ili kutisha. Kuna wanawake waliopasuliwa na wanaofurahi, tena mwenye maziwa mazito yanayomvunja mgongo anaweza kupata pumziko kubwa akipunguziwa. Nasema tu kwamba mtu anayeamua apewe habari hizi. Dada yangu tulimpa hotuba.

4. Swali ambalo hatukuuliza

Nilirudi kwake peke yangu, bila mjomba. Nilimwambia niliyoyakuta, ya upande huu na ya upande ule. Halafu nikauliza kile ambacho kikao kizima hakikuuliza: «Ni nani anayetaka?»

Alinyamaza muda mrefu. Kiisha akasema: «Bwana yangu hakuniambia kitu. Lakini usiku anazima taa.»

Miye nilikosa la kujibu. Nilijua basi kwamba sisi wote tulikuwa tumeongea juu ya mababu, na yeye alikuwa anaongea juu ya taa. Kuna wanawake wanaotaka kwa ajili yao wenyewe, ili wavae nguo na kujitazama kwa kioo bila huzuni. Hao sina neno nao, ni haki yao. Lakini giza lile la chumbani, je, kisu kitaliondoa? Kama bwana haoni mtunzaji, anaona mwombaji, basi macho njo yanaugua. Na macho ya mtu mwingine hayatengenezwi kwa kupasua kifua chako.

Ndiyo maana narudi kwenye sanamu yetu ya kwanza. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na jambo moja dogo lilikuwa limenipita. Mikono iliyo juu ya maziwa si ya mfalme, si ya bwana, si ya mjomba. Ni mikono yake mwenyewe. Sitaki kumtia babu maneno kinywani; mchongaji aliwaza ufalme, hakuwaza haki za wanawake. Lakini kazi yake iko mbele yetu na inaonekana hivyo. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi na mwili uliobaki baada ya uchungu huo, mzazi njo anaujua.

Dada yangu alizungumza na bwana yake. Sikuuliza walisema nini. Baada ya miezi miwili alituita, akasema mwaka huu haendi. Makuta yanabaki benki, kwa jina lake. Pengine watoto wakiisha kukua ataenda, pengine hapana.

Mjomba alifurahi sana. Akapiga makofi, akasema: «Mnaona! Mila imeshinda.»

Dada yangu alimtazama kwa heshima, na akajibu polepole: «Hapana, mujomba. Mila haikushinda mutu. Ni miye njo niliamua.»

Alipokuwa akisema hivyo mikono yake ilikuwa imekunjwa juu ya kifua.