Meyer Alipanga Chakula Kabla ya Kilele

Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani wa familia ya wachapishaji vitabu, alipanda Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, mpaka karibu mita 5,500, akakwama mbele ya ukuta wa barafu. Mwaka uliofuata hata mlimani hakufika. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimeiwasha pwani. Akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakaachiwa kwa fidia. Oktoba 1889 akasimama pale tunapopaita leo Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mlima ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi, na mwenye lengo linalomshinda kila mwaka ana la kujifunza hapo.

Kwanza Meyer alitafuta kilichomwangusha. Barafu ilimshinda kwa kukosa ujuzi, hivyo akamchukua Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyezoea milima ya Alps. Tatizo la pili lilikuwa chakula. Mpandaji aliyeishiwa posho alilazimika kushuka hadi vijijini, na safari nzima ikaanza upya.

Dawa yake ilikuwa kambi. Kambi kuu ilikaa Marangu kwa Mangi (chifu) Marealle, nyingine ikawa katikati, na ya juu ikajengwa kwenye mita kama 4,300. Wapagazi walipanda na kushuka kwa zamu wakipeleka vyakula, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akabaki kwenye baridi ya kambi ya juu pamoja na wapandaji. Kwa hiyo Meyer na Purtscheller walibakiwa na kazi moja tu: kupanda.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku. Walipofika kwenye barafu, Purtscheller akaanza kuchonga ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, kila moja ikidai mapigo mengi katika hewa nyepesi. Mchana wakafika ukingo wa kreta, wakaona sehemu ya juu kabisa bado iko mbele. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakageuka.

Hapa ndipo mpango ulipolipa. Kushindwa siku hiyo hakukuwarudisha Marangu. Chakula kilikuwa karibu, wakapumzika. Tarehe 5 wakahamia kulala pangoni, juu zaidi, ili kufupisha safari ya kesho yake. Asubuhi ya tarehe 6 walikuta ngazi zile bado zipo, wakazipanda bila kuzichonga upya, na kabla ya adhuhuri wakawa kileleni. Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40 siku hiyo.

Vitabu vingi husifu majina hayo mawili. Si haki: bila migongo ya wapagazi, jaribio la pili lisingekuwepo. Ni kazi ileile inayofanywa leo na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaoanzia lango la Nalemoru, Rombo, kwa njia ya Rongai. Langoni kila furushi hupandishwa kwenye mizani, na linalozidi kilo 20 hupunguzwa. Kugawa mzigo kabla ya kuondoka ni sehemu ya kupanda mlima.

Baada ya Kibo, wawili hao waligeukia Mawenzi, kilele kingine cha mlima huo, kinachowakabili watu wa mji wa Mkuu, Rombo, wakitumia utaratibu uleule. Walijaribu zaidi ya mara moja, lakini miamba yake inayomeguka ikawashinda. Ilibidi kusubiri hadi 1912, Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika juu.